Anime niliyomsihi Rama aitazame

Mnaoniuliza kila siku niwatajie anime nzuri, leo someni mpaka mwisho.

Ipo ile ya msichana fundi saa. Nimeisifia hapa mpaka mmenichoka.

Mchumba wangu Rama nilimsihi tuitazame pamoja. Akasema yeye mtu mzima, hatazami katuni.

Nikaishia msimu wa pili, nikawa namsubiri alainike.

Leo nimeazima flashi yake, nikaenda kwa kaka anayeweka muvi karibu na stesheni. Nikamwomba msimu wa tatu.

Akaigeuzageuza ile flashi.

"Hii si ya Rama? Mbona nilishamwekea huo wiki iliyopita. Wewe ni dada yake?"

Sijui kwa nini niliitikia ndiyo.

"Basi shemeji yako naye kanogewa," akasema. "Siku ya kuchukua msimu wa kwanza walikuja wote. Kaka yako anamwambia, vumilia epsodi tatu za kwanza, ya nne utalia."

Hayo maneno ni yangu.

Nilimwambia Rama mwenyewe, kwenye treni, siku ninampeleka Bukene akawaamkie wazazi wangu. Mama mpaka leo anaisifia ile shikamoo yake.

Nikamshukuru yule kaka, nikatoka.

Haya, maoni yangu mliyoyataka.

Msimu wa kwanza ni mtamu. Wa pili umeuzidi. Epsodi ya nne utalia kweli, sikudanganya mtu.

Msimu wa tatu sijauona. Muulizeni Rama.

Akiwakwepa, muulizeni shemeji yangu.