Kilimani bila Hodi

Sogeeni niwaeleze habari za Mramba, yule anayewatembeza watu kilimani kule nyuma ya Kinango. Kilima chenyewe si kirefu. Ni majabali yaliyopandana, yamechongoka, na kwa kimya chake utamsikia hata mjusi akikimbia. Watu wa Diani wakiichoka bahari humwendea, naye huwafikisha kileleni kwa saa moja tu.

Huko juu wafugaji hupumzisha mbuzi vivulini wakati wa jua kali. Basi ipo desturi: ukifika chini ya jabali la mwisho unapiga hodi kwa sauti, unajitaja wewe na ukoo wako, unangoja kuitikiwa. Anayepanda kimyakimya ni mwizi, na mwizi wa mbuzi haulizwi maswali.

Siku ile alikuwa na Warda, mwalimu wa Ukunda, mpenda ndege. Walipolikaribia jabali Warda alimwona hondohondo, akamwomba Mramba wasimshtue. Mramba akaona haya kumkatalia mgeni. Hodi akaimeza.

Juu alikuwako Garama, jirani wa Mramba na mkewe Sidi, aliyeibiwa mbuzi watatu juzi yake. Alichosikia ni changarawe zikiporomoka. Jiwe la kwanza lilimpata Mramba begani. La pili lilimpasua paji la uso, damu ikamziba macho. Kisha Garama akashuka na panga. Warda alikuwa amebanwa na mwamba, hana pa kupita. Mramba akajitupa mbele yake, akalikinga panga kwa mkono mtupu. Vidole viwili vikaruka. Garama akaliinua tena.

"Garama, ni mimi Mramba. Ukiniua, Sidi utamwambia nini?"

Panga likaanguka. Garama akairarua shuka yake, akaufunga ule mkono, akambeba Mramba mgongoni, analia njia nzima. Mramba, meno yakimgongana, akamwambia, "Polepole, mwenzangu. Kule juu ndiko ulikokuwa na haraka."

Mramba alipotoka hospitali, Garama alimletea beberu wa kuomba radhi. Sidi akamrudisha na beberu wake. "Nyama itaisha kesho," alisema. "Jembe la mume wangu atalishika nani?"

Mvua zilipoanza, Garama alikuwa shambani kwa Mramba tangu alfajiri, mgongo umeinama. Mramba amekaa kando juu ya gogo, mkono kifuani, akimkosoa kila tuta.