Siku Wifi Alipofuzu

Wifi yangu anashona viatu vya watu wenye miguu isiyolingana. Mmoja mfupi, mwingine mrefu. Wa kulia namba saba, wa kushoto namba tano. Anapima kila mguu peke yake, anaongeza soli panapotakiwa, na aliyeingia akichechemea anatoka akitembea. Utajiri haumo humo, nimemwambia mara nyingi tu.

Basi akaja mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, kijana mpole, maneno asali. Alikuwa ameanzisha taasisi chuoni, chumba kimoja nyuma ya maktaba, viti vya kuazima. Wanaomba fedha kwa wafadhili, wanazitia kwenye biashara zinazosaidia watu, nao wanachukua hisa. Biashara yao ya kwanza ilikuwa ya wifi. Cherehani mbili mpya zilitoka kwake, siwezi kukataa. Kwetu akawa mtu wa nyumbani. Anakula, anaongeza, anamwita wifi "dada", naye anamwita "mdogo wangu".

Taasisi ikanenepa. Chumba kikawa ghorofa nzima, wageni wakaja na kamera kumtazama wifi akishona. Siku moja mdogo mtu akaja na karatasi.

"Dada, tuongezee hisa kidogo, zipite nusu. Wafadhili wakiona tumeshika kubwa watatuamini, taasisi ikue. Fundi ni wewe tu."

Nikamwambia, wifi, mwenye zaidi ya nusu ndiye mwenye nyumba, na kikulacho ki nguoni mwako. Akanicheka. "Wewe hata kivuli chako unakishuku. Huyu ni mdogo wangu." Akatia saini.

Mwaka huu mhadhiri akapiga simu: wifi amefuzu, kuna sherehe. Sisi tukajua ni tuzo. Wifi akashona gauni, ukoo mzima tukajaa safu ya mbele. Mhadhiri akapanda jukwaani, akatangaza kwamba taasisi imeuza hisa zake zote za karakana ya dada yake kwa kiwanda cha viatu, na biashara ikifika hapo husemwa imefuzu. Watu wakapiga makofi. Wifi alikuwa ameshainuka akapokee tuzo.

Akamfuata mhadhiri mlangoni. "Mdogo wangu, umeniuza?"

"Si wewe, dada, ni hisa. Fedha hizi zitawasaidia wengine wengi."

"Na wateja wangu?"

Akatazama saa yake. Nilimtukana, na sijutii.

Kiwanda kikambakiza wifi kama mwajiriwa, ashone jozi za kulingana tu, kwa sababu zile nyingine zinakula muda. Wiki iliyofuata akaja mama muuza mkaa, mteja wa miaka, soli yake nene imeisha. Meneja mpya akamweleza kwa adabu kwamba hapa hawashoni tena viatu vya namna hiyo.  Mama wa watu akamgeukia wifi pale kwenye cherehani.

"Kwa hiyo ulituuza, fundi."

Wifi yangu ana mdomo, muulize yeyote. Siku ile aliinamia cherehani akaendelea na jozi yake ya kulingana, maana saini ilikuwa yake.