Waridi Lililonuka Kitunguu

Mtaa mzima ulimwita Mama Giza, na jina hilo alilitolea jasho. Umeme ukikatika, majirani walilitukana shirika la umeme kuanzia mlinzi wa getini hadi mwenyekiti wa bodi. Yeye peke yake alipiga vigelegele, akaketi mlangoni na boksi la mishumaa mapajani, uso umenawiri kama wa bibi harusi.

"Karibuni wateja wangu. Msigombane na giza, giza halina kosa."

Na mume wake, labda ili Mungu naye apate cha kucheka, alikuwa fundi umeme.

Asubuhi Fundi alitoka na ngazi na koleo kwenda kurudisha taa za watu. Jioni mkewe alimnunia kwa kila taa iliyowaka. Mabomba ya plastiki aliyonunua mume kupitishia nyaya ukutani, mke aliyakata vipande, akayasimamisha kwenye beseni la mchanga, akaning'iniza utambi katikati ya kila kimoja kwa njiti ya kiberiti, kisha akamimina nta.

"Mke wangu, lile bomba la nyumba ya daktari liko wapi?"

"Limepata kazi ya maana."

Mishumaa yake ya mwanzo ilikuwa na tabia mbovu. Mingine ilitema cheche kama mlevi aliyenyimwa bia. Siku za joto ilipinda dirishani, yote upande mmoja, kama waumini wanaosubiri baraka. Kinyozi wa jirani alirudisha mmoja, ameushika kwa vidole viwili.

"Mama, huu umelala kabla yangu."

"Basi ungeufunika shuka," alimjibu, akamuuzia mwingine. Kinyozi angefanyaje, na nyumbani kwake kulikuwa kama ndani ya kiatu?

Kisha shirika likaleta transfoma mpya. Mheshimiwa mmoja mwenye tai alikata utepe mbele yake kwa fahari, kana kwamba ameizaa yeye, na kati ya mafundi waliounganisha nyaya alikuwemo mume wa Mama Giza, tena anatabasamu. Umeme ukawaka, ukakataa kabisa kuzimika. Mtaa ulicheza. Mama Giza alikaa mlangoni na boksi lake wiki nzima, na mtu pekee aliyemkaribia alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Ndipo wifi yake alipotokea. Huyu dada wa Fundi alikuwa na duka la vitambaa, na zamani Mama Giza alimfagilia humo, akiitwa kwa kupigiwa kidole kama paka. Aliondoka akiapa kwamba hatarudi hata akibebwa kwa machela. Sasa wifi alikuwa amekuja na aproni ya bluu, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko.

"Nimekuwekea nafasi yako, wifi. Ufagio bado unakukumbuka."

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Mishumaa ikishindikana, nakuja."

"Kaa nayo tu. Aproni haiozi."

Fundi, ambaye dhamiri ilikuwa imeanza kumkwaruza, alirudi siku moja na habari. "Kule mjini kuna mama wa masaji. Nimemfungia taa ukumbi mzima. Unajua amefanya nini? Amezizima zote, anataka mishumaa ya waridi."

"Ana wazimu?"

"Ana pesa."

"Basi huo ni wazimu wa heshima."

Mama Giza alinunua mafuta ya waridi, akayeyusha nta, akapeleka boksi la majaribio. Mishumaa ilikuwa imenyooka kama askari wa gwaride. Kitu kimoja tu hakukifikiria: sufuria. Nyumba ile ilikuwa na sufuria moja nzito, ileile iliyokaanga vitunguu kila siku tangu waoane, na ndiyo aliyoyeyushia nta. Chuma kilikuwa kimekunywa vitunguu mpaka kikalewa. Mtaani hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu mtu aliyejigonga meza gizani hana muda wa kunusa. Lakini kwenye chumba kilichofungwa, waridi lilibisha hodi kwanza, kisha kitunguu kikaingia, kikavua viatu, kikakaa.

Mama wa masaji alirudisha boksi mwenyewe.

"Dada, mteja wangu wa kwanza kainuka nusu uchi akauliza chakula kinaletwa saa ngapi. Wa pili akalia. Nikadhani misuli imelegea, kumbe kakumbuka jiko la mama yake!"

Mama Giza aliitoa aproni kwenye mfuko, akaitundika msumarini ili aanze kuizoea. Fundi alipoona hivyo, roho ilimuuma. Alichukua sufuria na waya wa kusugulia, akaisugua mpaka akaiona sura yake humo, na bado hakukata tamaa.

Kesho yake akaja mwanamume mnene mwenye mgahawa uliopakana na masaji.

"Mama, wateja wa yule jirani wanatoka kitandani moja kwa moja wanaingia kwangu. Wanakula kama wametoka jela! Nataka mishumaa hiyohiyo, kila meza, kila wiki. Usipunguze kitu."

Alilibeba lile boksi lililorudishwa. Mama Giza akayeyusha nta upya, akampelekea mingine. Mwenye mgahawa alinusa, akanusa tena, akakunja uso.

"Hii inanukia vizuri, mama. Nani atakula hapa?"

Mama Giza alirudi nyumbani kama dhoruba. "Umenisugulia riziki yangu, wewe mwanamume!"

"Nilikuwa nasaidia!"

"Basi saidia tena. Kaanga!"

Mwisho wa mwezi wifi alifika kumchukua mfagiaji wake. Alimkuta kaka yake jikoni, amevaa aproni ya bluu, machozi yanatiririka juu ya gunia la vitunguu.

"Kaka, unalia nini?"

"Biashara, dada. Biashara."

Mishumaa ilikuwa imejipanga mpaka chini ya kitanda, na nyumba nzima ilinukia njaa. Mama Giza alimpa wifi kisu, mpini mbele, kwa adabu zote.

"Karibu, wifi. Nimekuwekea nafasi yako." Akapiga kidole, kuelekea kwenye gunia.

Papo hapo transfoma ya mheshimiwa ilikohoa, na mtaa ukazama gizani. Nje matusi yakaanza, kuanzia mlinzi wa getini kwenda juu. Watu wakasubiri vigelegele. Havikuja.

"Fundi, vua aproni ukawarudishie taa," Mama Giza alisema, akiwasha mshumaa mmoja kumulika gunia. "Wanatupigia kelele, na sisi tuko kazini."