Jino la Bwana Bruno

Apolinaria alikuwa amepewa wiki moja tu. Jumamosi ikifika tambi bado zinagandamana, Bwana Bruno angetafuta mpishi mwingine, naye angerudi Goweko kufunga tumbaku kwa shemeji yake, mtu aliyekuwa akimwita "we" kana kwamba hakubatizwa.

Bwana Bruno alikuwa Mwitaliano, fundi mwashi. Aliletwa Tabora akiwa mateka wa vita, akabaki wenzake waliporudishwa kwao. Alikula chochote bila neno, ila tambi. Zilimfikia kwa garimoshi kutoka Dar es Salaam, ndefu kama fito, na Apolinaria alizipika kama wali: maji kiasi, mfuniko, makaa juu. Likatoka bonge la kukata kwa kisu.

"Jino, Apolinaria!" bwana alilia, akijigonga shavuni. "Mimi taka jino!"

Maskini, kumbe jino linamuuma! Kesho yake akazichemsha mpaka zikawa uji, asipate taabu ya kutafuna. Bwana akaitazama sahani, akatoka nje bila kula.

Jumatano alikwenda mtaa wa Kanyenye kwa Bi Tufaha, mke wa mfanyabiashara Mwarabu, aliyesifika kwa mapishi.

"Shikamoo, Bi Tufaha. Tambi za bwana zimenishinda."

"Marahaba, mwanangu. Tambi ndizo zikutoe jasho? Hata binti yangu Fakhria anaziweza, na yule huunguza maji ya chai! Zivunjevunje, uzikaange kwa samli mpaka ziwe nyekundu. Maji kidogo, sukari, iliki. Hazishikani ng'o."

Kweli hazikushikana. Bwana akaonja, macho yakamtoka.

"Sukari?"

Jumamosi Apolinaria alisimama mbele ya sufuria, hajui aanzie wapi. Huyu anataka hivi, yule kasema vile. Bwana alipoingia jikoni, akaona heri aulize.

"Bwana, hilo jino, si uende hospitali likang'olewe?"

"Jino gani?"

Wakatazamana. Kisha bwana akacheka mpaka akashika ukuta. Akajaza maji sufuria kubwa kuliko zote, akatia chumvi, akangoja yatokote hasa. Alipozitumbukiza tambi alikoroga papo hapo, akakoroga tena, kila moja ishike njia yake. Mfuniko hakuugusa. Baada ya muda mfupi akampa Apolinaria moja.

"Ng'ata."

Aking'ata, katikati jino lake likakuta kitu kigumu kidogo, kama kiini cha wali usioiva.

"Bado mbichi, bwana."

"Hapo! Hapo jino! Kwetu tambi tamu kama jino napata kazi. Toa!"

Apolinaria akazimwaga kwenye chujio. Hata mbili hazikushikana. Bwana akala sahani mbili, akamwambia aje Jumatatu, na wiki zote zijazo.

Apolinaria alirudi nyumbani ana kazi, lakini kichwa kinamzunguka. Njia nzima alijiuliza kama kumlisha mtu mzima chakula kibichi, tena kwa kukusudia, ni jambo la kuungama.