Nilipaka tezi za ndama chumvi, nikaona nyuzi za urithi kwa macho yangu (Naivasha, wakati wa Emergency)

Wakuu, nawasalimu nyote. Nakaribia miaka tisini, mjukuu ndiye anabonyeza simu, lakini maneno ni yangu na sijaongeza chumvi, isipokuwa ile mtakayoisikia.

Ni miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, nikawa mtu wa kuzurura: Mai Mahiu mwezi huu, Gilgil mwezi ujao. Nilipenda tu kujua vitu.

Mwishowe nikapata kazi kwa maabara moja ya mifugo karibu na Naivasha.

Kwa Mkikuyu wakati huo wa Emergency, serikali ya mkoloni ikiwasaka Mau Mau, kazi ilikuwa kila kitu. Mwajiri akisema hakutaki, unapakiwa kwa lori kurudishwa reserve, eneo walilotengewa Wakikuyu, na njiani unahojiwa na watu wasiojua upole.

Kila Jumanne nilienda kichinjioni Nakuru kuchukua tezi za shingo za ndama. Daktari, mzungu mwenye haraka, alitoa humo protini inayoitwa histoni. Tezi nilizibeba kwa ndoo ya barafu zisioze.

Jumanne moja lori likaharibika Gilgil. Tukakaa juani mpaka barafu ikaisha.

Sasa, lori lenyewe lilikuwa la ngozi, na ngozi mbichi hupakwa chumvi isioze. Gunia lilikuwa hapo. Nikajiona mjanja. Nikazipaka tezi zote, bila uchoyo.

Msaidizi wa Daktari, Wanyoike wa Kabazi, ndiye alizisaga. Alitarajia viini vya seli vitulie chini ya chupa kama unga.

Wapi! Chupa ikajaa ute mzito kama wa yai bichi. Akaiinamisha, ukakataa kumwagika.

"Umeweka nini hapa, wewe mzururaji?"

"Chumvi."

"Chumvi! Ulidhani Daktari anapika? Sikia, sema ni watu wa kichinjio. Ukisema ni wewe, kesho uko kwa lori."

Daktari akaingia, akaona. "Nani weka chumvi?"

Wakuu, niliogopa. Lakini nilitaka sana kujua ule ute umetoka wapi, na nikidanganya singeweza kuuliza.

"Ni mimi, Bwana. Lakini hii ni nini?"

Daktari akachukua chupa. Kisha akamimina spiriti polepole juu ya ute, akaingiza kijiti cha kioo na kukizungusha.

Nyuzi nyeupe zikapanda! Zikajiviringisha kwa kijiti, moja baada ya nyingine, haziishi. Nywele zilinisimama. Kutoka kwa nyama!

Daktari akaeleza kwa Kiingereza, Wanyoike akanitafsiria: "Anasema hapa ndipo urithi hukaa. Rangi ya ng'ombe, pembe, maziwa. Histoni ndiyo huzishika nyuzi hizi zikae pamoja kwa kromosomu. Chumvi yako imeifukuza."

(Juzi mjukuu alinisomea kwamba nyuzi zile ndizo DNA, na kwamba DNA ya seli moja ya mtu ni karibu mita mbili, imezungushiwa histoni ndiyo itoshee. Na kwamba histoni zenyewe zimebadilika kidogo mno tangu zama za kale, hata moja ya ng'ombe na ya njegere karibu zifanane. Sikulala.)

Daktari akanitazama, akacheka. "Wewe na akili mingi."

Halafu, ute ukiwa bado kwa vidole vyake, akachukua karatasi yangu ya kazi akaandika kazi imeisha; siku hizo Mkikuyu mwenye maswali mengi aliogopwa.

Jumatano asubuhi nilipandishwa lori.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukufungulia macho na kukufungia mlango kwa mkono huo huo. Wanyoike alibaki na kazi yake miaka mingi, na hakuwahi kuuliza swali.

Nyinyi mngekuwa mimi, mngemjibu nini Daktari? Semeni ukweli, nasomewa comments zote.