Kumkimbia Baba Mkwe

Kwa miaka sita nimelipwa kumkimbia baba mkwe. Ndiyo kazi niliyo nayo, na siku hizi mtu akiniuliza nafanya nini mjini sina hata hamu ya kuipamba. Naigiza mkamwana katika tamthilia ya vichekesho inayorushwa kila wiki. Baba mkwe akiingia sebuleni, mimi natoka mbio. Naruka dirishani, naingia kwenye pipa, navunja sahani, na watu wanacheka. Magoti yananiuma. Nimeichoka kanga ile ile ya njano, na nimeichoka ile sebule ya kupangisha ambayo feni yake huzimwa kila tunaporekodi ili mlio wake usiharibu sauti.

Mchezo wenyewe haukutungwa na mtu. Siku nilipoitwa kujaribiwa nilikuwa nimeshahangaika Dar es Salaam mwaka mzima, nikiigiza wasichana wa kazi wenye maneno mawili, na mara moja maiti. Nikapewa sinia la chai nimpelekee mzee aliyeigiza baba mkwe, akiniuliza sukari iko wapi nimjibu. Jambo dogo. Lakini mimi nimelelewa Mwaya, kwa Wanyakyusa, na kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami usoni, hampi mkono, hataji jina lake, na wakikutana njiani yeye huingia shambani mpaka mzee apite. Wapo wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati, ila mwili wangu haukuwa umepata hiyo habari. Mzee yule alipoingia, miguu ilinitoa yenyewe. Nilijikuta nyuma ya mlango, sinia mkononi, namjibu habari za sukari huku nikiutazama ukuta.

Chumba kizima kilicheka. Mwongozaji, ambaye ni mtu wa pwani, akafuta machozi akasema, "Hiyo hiyo. Usibadilishe kitu." Alidhani nimebuni. Mimi nilikuwa nahitaji kazi, nikanyamaza.

Msimu wa kwanza nilijificha tu nyuma ya milango. Wa pili wakaniongezea dirisha. Kufikia wa nne nilikuwa nakimbia na sufuria ya mboga kichwani, mchuzi unanimwagikia shingoni, tunarudia mara tano mpaka mchuzi umwagike vizuri. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi niliibeba heshima ya kwetu nikaenda kuichezea ugenini, na nikatunzwa vilevile. Sitasema sikujua. Bibi yangu aliwahi kushuka kwenye jaruba la mpunga, maji hadi magotini, ili baba mkwe wake apite kwenye tuta, na waliokuwa shambani waliendelea kupalilia. Nilimkumbuka kila nilipoingia kwenye lile pipa, kisha nikaingia.

Mwaka jana nikaolewa. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Tulikutana huko huko Dar es Salaam tukagundua kwetu ni pua na mdomo, maana yeye ni mtu wa Matema. Baada ya harusi tulikwenda kukaa kwao wiki mbili. Tangu basi lilipotuacha Kyela nilitaka jambo moja tu, baba yake ajue kwamba nyumbani kwake siigizi.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba, karibu na mikeka ya kuanikia kokoa. Baba mkwe akatokea migombani na panga lake. Niliweka fagio chini nikaingia upande wa pili wa migomba, kama nilivyofundishwa tangu mdogo. Barabarani kulikuwa na vijana wawili wa bodaboda. Walicheka mpaka mmoja akainamia usukani. "Mkamwana kakimbia," alisema, na mwenzake akatoa simu. Nikiwa nyuma ya majani niliona miguu ya mzee. Ilisimama kidogo, kisha ikarudi ilikotoka.

Siku ya pili nikatafuta namna nyingine. Nilimwona anakuja kwenye njia ya ziwani, nikajiondoa taratibu, kwa adabu, ndoo kichwani. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakacheka zaidi. Nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mchekeshaji akipunguza mwendo kicheko kinaongezeka. Mmoja akaniomba nirudie, mwanawe hakuona. Akasema "ndaga fijo" kabisa, kunishukuru, kwa moyo mweupe. Nilirudi nyumbani nikalia chooni, nikanawa uso, nikaenda kumenya ndizi.

Mume wangu alisema baba yake ataelewa tu. Hakusema ataelewa nini.

Pale nyumbani alikuwepo mke wa kaka wa mume wangu, aliyeolewa akiwa msichana na sasa ana mtoto wa sekondari. Nilianza kumtazama yeye. Siku tatu nzima sikumwona akimkwepa mzee hata mara moja. Hakukimbia, hakugeuka, hakujifunika. Mzee akiingia jikoni kuchukua moto wa kiko chake, mama huyu yuko kisimani. Mzee akienda kisimani, yeye yuko anageuza kokoa. Alikuwa anajua kikohozi chake, anajua saa yake ya kuamka, anajua mlango utalia mara ngapi. Nikamwuliza anafanyaje. Tulikuwa tunapepeta mchele, akacheka kidogo bila kuinua macho.

"Gwe, mbona hakuna cha kufanya," akasema. "Wewe shida yako unangoja akuone, ndiyo uondoke."

Nilitamani kumbishia, nikatafuta hata tukio moja la kumbishia nalo, nikakosa. Pale migombani ningeweza kuondoka mapema. Nilisikia panga likikata majani makavu muda mrefu kabla mzee hajatokea. Nilimngoja. Miaka sita ya kungoja mtu afike mbele ya kamera ndipo nitoke ilikuwa imeniingia kwenye damu, na mimi nilidhani ni malezi ya Mwaya.

Siku zilizobaki nikajitahidi kumfuata mama yule. Niliamka mapema, nikasikiliza kikohozi. Mara mbili nilifanikiwa: mzee alipita uani, na mimi sikuwepo. Hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyeona chochote. Sikumbuki furaha nyingine ya kazi iliyozidi ile. Nikajidanganya kwamba mzee naye ametambua.

Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, majirani na ndugu walijaa sebuleni kutuaga. Nilikuwa jikoni nakaanga mbasa wa ziwani, nimeridhika, moshi unaniwasha macho, nikiwa upande wangu wa nyumba kama mkamwana mwingine yeyote. Mama mkwe akaja akasimama mlangoni.

"Mwanangu, baba anakuita sebuleni."

Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya. Alikuwa anafunga upya kitenge chake, hanitazami. "Nenda tu," akasema. "Ameamua mwenyewe."

Njiani nilijiandaa kukutana na hasira yake. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi kwa miaka yote sita, nimeyapanga. Niliingia nikiwa nimeinamisha kichwa. Baba mkwe alisimama, amevaa koti la kanisani, akaninyooshea mkono.

"Karibu, binti," akasema. "Tunakuona kila wiki, tunafurahi. Usijisumbue tena kujificha. Huko ni kazini kwako, hapa pumzika."

Hakukuwa na hasira yoyote. Niliinua macho, nikauona uso wake kwa mara ya kwanza kwa karibu: uso wa mtu mpole aliyefikiria jambo hili siku nyingi, akaona namna ya kuniondolea taabu. Mkono ulikuwa bado umenyooshwa, na watu wote wanautazama. Ningeukataa, ningemwaibisha mbele ya wageni wake. Nikaushika kwa mikono miwili, nikapiga goti. Watu wakapiga makofi. Simu zikatolewa. Nikatabasamu, hilo silihitaji kufundishwa.

Nikapewa kiti kati ya mwinjilisti na mjumbe wa mtaa. Wali ukaletwa, na samaki niliyemkaanga mwenyewe. Kupitia mlango wa uani niliona mikono ya mke wa shemeji yangu ikimpitishia mama mkwe bakuli, moja baada ya jingine, yeye mwenyewe haonekani. Hajawahi kushikwa mkono na mzee yule, na nilimwonea wivu.

Nikasimama nikasaidie kugawa chakula.

"Kaa, binti, kaa," mzee akaniambia. "Wenye kazi wapo."