Picha Iliyowatangulia Wazee

Nakumbuka Jumatatu moja, nikiwa kijana, habari za kaka yangu zilipofika nyumbani kabla ya watu waliotumwa kuzipeleka.

Mwanangu, wewe unayekusanya picha za barabara za Eldoret na kuwachagulia wenzako za kuonyeshwa mtandaoni, keti kidogo.

Kaka yangu huyo, Wekesa, alikuwa mpakiaji wa magunia ya mahindi mjini. Asubuhi hiyo aliwaambia wenzake kifua kinambana, akaegemea gunia apumzike. Hakuinuka tena. Walipogundua amekufa, walimpigia simu baba mdogo, Mzee Simiyu, naye akanijia kazini. Kwetu, mama hapashwi habari ya kifo cha mwanawe kwa simu. Watu huenda, huketi naye, mmoja huulizia mvua, mwingine humshika mkono, ndipo neno lisemwe. Na mama yetu alikuwa na presha.

Tulikuwa kwenye pikapu ya kanisa, tukielekea nyumbani Soy, nilipofungua simu. Katika kundi la mtandaoni la picha za mtaani nilimwona Wekesa. Sweta yake ya kijani, mdomo wazi, nzi shavuni. Mpiga picha alidhani amelala. Msimamizi wa kundi alikuwa ameichagua kuwa picha ya siku, akaandika: "Jumatatu imemlaza." Chini yake watu walishindana kwa utani. "Huyu amezima, hata chaji hana." "Mwambieni mshahara umeingia, ataamka!" Mzaha mzaha, mwanangu, hutumbuka usaha.

Nikampigia msimamizi, kijana tuliyemwita Brayo.

"Toa hiyo picha."

"Gani? Ya jamaa wa gunia? Buda, hiyo ndiyo imeshika leo! Na mtu akiwa barabarani ni wa kila mtu."

Mzee Simiyu akaninyang'anya simu. Hakupandisha sauti. "Kijana, barabara ni ya serikali. Mtu ni wa mamake. Huyo amekufa, na mamake hajaambiwa."

Brayo akashusha sauti. "Pole, Mzee. Naitoa."

Aliitoa kweli. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wengine walikuwa wameshaisambaza.

Tulimkuta Mama uani, sinia ya maharagwe mapajani, simu ya binti wa jirani mkononi. Binti alisimama kando akilia. Mama hakulia. Alimwelekezea Mzee Simiyu ile simu.

"Shemeji, mtoto wangu akilala hakai hivi. Huyu amekufa. Mbona hawa wanacheka?"

Mzee aliketi chini, kwenye vumbi. Swali hilo Mama alimuuliza kila aliyekuja matangani. Wengine walitazama viatu vyao.

Mwanangu, sikukatazi kupiga picha. Mji usiotazamwa husahaulika, na wewe una jicho. Lakini aliyefumba macho hawezi kukukubalia wala kukukataa. Kabla hujamtafutia maneno ya kuchekesha, msogelee, umwamkie. Kuuliza si ujinga. Asipoitika, weka kamera chini, uite watu. Na unapochagua za kuonyesha, usiweke mbele ya umati picha ambayo usingethubutu kuipeleka kwa mkono wako nyumbani kwa mwenyewe.

Mungu akupe jicho kali na kidole kisicho na pupa. Na kila mama wa mji huu, siku yake ngumu ikifika, apate mtu wa kumshika mkono kwanza.